Rafiki alinipa randa bure, je, nimlipe?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni seremala, nina mke na watoto wawili. Nina rafiki ambaye tulijifunza kazi pamoja kwa fundi mmoja, tukalala chumba kimoja enzi hizo hatuna mbele wala nyuma. Baadaye kila mtu akashika njia yake. Yeye aliuacha useremala akaingia kwenye udereva, mimi nikabaki na mbao.

Miaka kadhaa iliyopita alipita kwenye karakana yangu akanikuta naranda mlango kwa randa ya kuazima, ambayo kisu chake kilikuwa kimelika hadi kubaki kipande. Hakusema kitu. Kesho yake akarudi na randa ya chuma aliyoiviringisha kwenye kitambaa, pamoja na jiwe la kunolea. Akaniambia, "Chukua hii, kwangu inaota kutu tu." Nikamuuliza nimpe kiasi gani. Akacheka, akaondoka.

Kutu ilikuwapo kweli. Kisu kilikuwa butu, mpini umepasuka. Niliisugua, nikanoa, nikaunga mpini kwa gundi, na siku nilipoipitisha kwenye ubao mgumu yalitoka maranda membamba kama karatasi. Shangazi, tangu hapo kazi zangu zimebadilika. Mteja akipitisha kiganja juu ya meza niliyoiranda, habishani tena na bei. Naweza kusema randa ile ndiyo iliyonitoa.

Shida ilianza pale fundi mmoja alipokuja karakana, akaishika, akaigeuza, akaniambia randa kama hii hata iliyotumika huuzwa kiasi gani. Ni pesa nyingi. Nilimweleza mke wangu, naye akasema, "Dawa ya deni ni kulipa, mpelekee mwenzio chake." Nikaweka fedha kwenye bahasha, nikaenda kwa rafiki yangu. Alipoifungua akanitazama, akaniuliza, "Kwani nilikuuzia?" Akanirudishia. Tuliendelea kuongea mambo mengine, lakini niliona uso wake umebadilika, na tangu siku hiyo simu zimepungua.

Halafu hivi karibuni akanipigia akaniomba nimwazime randa siku chache, anataka kumtengenezea binti yake kitanda. Nilimpa. Lakini usiku ule usingizi ulikuwa wa shida. Nikawaza, je, isiporudi? Nitaidai kwa haki gani, na yeye ndiye aliyenipa? Ilirudi salama, tena kisu kimenolewa kuliko nilivyompa. Hata hivyo wasiwasi haujaniisha. Ubavuni mwa mpini kuna herufi mbili za jina lake alizozikwaruza kwa msumari, na kila nikiishika naziona. Nimefikiria kuzipiga msasa zitoke.

Naomba unishauri. Nimpe mkewe zile fedha kimyakimya? Nimnunulie kitu cha thamani ileile? Au ninyamaze tu? Na siku nikipata mashine ya umeme, ninaruhusiwa kuiuza? Sitaki watu waje kusema nilipanda kwa mgongo wa mwenzangu.

Seremala mwenye deni

*

Marahaba mwanangu,

Usimlipe. Na bahasha usiipitishe kwa mkewe hata kidogo. Ukifanya hivyo utamwachia mama wa watu siri ya kumficha mumewe, na siku itakapojulikana, ugomvi utakuwa wa watu watatu. Zaidi ya hapo, rafiki yako ulishamuuliza na alishakujibu. Alikujibu siku ya kwanza kwa kucheka, akakujibu tena kwa maneno mbele ya bahasha. Mtu mzima akisema hataki malipo, kutafuta mlango wa nyuma wa kumlipa ni kumwambia kwamba neno lake hulikubali.

Mkeo kasema kweli kwamba dawa ya deni ni kulipa, na mtu mwenye mke wa namna hiyo nyumbani ana bahati. Ila deni huanza kwa makubaliano. Siku ile karakanani hapakuwa na bei, hapakuwa na ahadi ya kurudisha, hapakuwa na "utanipa ukipata". Pangekuwa na bei, huenda ungekataa kuichukua kwa sababu hukuwa na uwezo, au yeye angetaja kidogo kuliko alivyokwambia yule fundi. Huwezi leo, baada ya miaka, kufanya mauzo peke yako na muuzaji mwenyewe hayumo.

Hata sheria iko upande huo. Katika nchi nyingi zawadi huhesabiwa imekamilika pale mtoaji anapokuwa na nia ya kutoa, kitu kikakabidhiwa mkononi, na mpokeaji akakubali. Yote hayo yalifanyika mlangoni pako ndani ya dakika moja. Wapo waliojiuliza pia kama mtoaji anaweza kukitaka kitu chake tena kwa sababu mpokeaji hana shukrani. Sheria ya kiraia ya Ufaransa, iliyotungwa mwaka 1804, inakubali jambo hilo katika kifungu cha 955, lakini kwa makosa mazito tu: mpokeaji akijaribu kumuua aliyempa, akimtendea ukatili, uhalifu au matusi makubwa, au akimnyima riziki anapokuwa hana kitu. Kutolipa bei hakumo. Hilo la mwisho, la kumnyima aliyekupa wakati amekwama, nitalirudia kwa sababu ndilo linalokuhusu zaidi kuliko bahasha.

Sasa tuseme juu ya hiyo bei iliyokukosesha raha. Naelewa kwa nini ilikushtua. Watu wengi hudhani kifaa cha zamani ni cha kutupa, na kwa vifaa vingi ni kweli. Randa ya chuma ni tofauti. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya Marekani ilinunua haki za randa zilizobuniwa na Leonard Bailey, na umbo lile ndilo linalotengenezwa hadi leo na viwanda chungu nzima, likiwa limebadilika kidogo sana: kisu kimelala kwa nyuzi 45, kigurudumu cha kukishusha na kukipandisha kiko nyuma yake, na kibati kimekaa juu ya kisu kuvunja maranda kabla hayajaupasua ubao. Kwa hiyo randa ya miaka mingi, kama chuma hakijapasuka na tako, yaani uso wake wa chini, halijapinda, hukata sawa na mpya. Ndiyo maana bei haishuki.

Lakini bei aliyokutajia yule fundi ni ya randa aliyoikuta mkononi mwako, safi, imenolewa, mpini umeungwa. Ulichopokea wewe ni chuma chenye kutu ndani ya kitambaa. Kazi ya kukiamsha uliifanya wewe. Sehemu ya thamani hiyo ni jasho lako mwenyewe, na ungelilipia mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hukulitazama. Rafiki yako ni seremala. Mlifunzwa na fundi mmoja. Alijua randa ile ni kitu gani na inauzwaje, pengine kuliko yule aliyekutajia bei. Aliposema "kwangu inaota kutu tu" alikuwa anakupunguzia uzito wa kuipokea, kwa sababu alikukuta na randa ya kuazima na alijua utaona haya. Alikuja kesho yake, hakukupa palepale mbele ya mtu yeyote aliyekuwa anakuangalia. Huo ni utu wa kiwango cha juu. Sasa wewe ukamletea bahasha yenye bei ya sokoni, kana kwamba hakujua alichokitoa, au alikitoa akisubiri uje kushtuka. Uso wake ulibadilika hapo, mwanangu. Sidhani alikasirika sana. Nadhani aliumia kidogo kuona mlilala chumba kimoja na sasa unafunga hesabu naye.

Nije kwenye usiku ule uliokosa usingizi, maana barua yako yote iko hapo. Unasema unataka kulipa ili usiwe na deni. Mimi nasoma kwamba unataka kulipa ili asiwepo mtu yeyote duniani anayeweza kukuomba ile randa. Na hofu hiyo siilaumu, kwa sababu randa ile inalisha watoto wako. Ila tazama vizuri alivyokuja. Alipiga simu. Aliomba. Alisema anaihitaji kwa kazi gani na kwa muda gani. Mtu anayeamini kitu bado ni chake huja kukichukua, au husema "nipe ile randa yangu". Yeye alikuomba kama anavyoombwa mwenye mali. Kisha akairudisha bila kukumbushwa, na kisu amekinoa.

Wewe unajua kunoa kisu cha randa vizuri kunataka nini. Unakishika kwa pembe ileile, kama nyuzi 30, unakisugua jiweni mpaka usikie kwa kidole ule ukingo mwembamba unaojikunja upande wa pili, halafu unageuza unauondoa, unajaribu kwenye ubao, unarudi tena jiweni. Na jiwe lenyewe alishakupa wewe, kwa hiyo ilimbidi alitafute jingine. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliazima kwako kwa heshima na akakurudishia kwa heshima, na kwa kitendo hicho alikuonyesha jinsi yeye anavyopenda kushukuru na kushukuriwa. Sasa mjibu kwa lugha hiyohiyo ya vitendo.

Kwanza mpigie simu, usingoje yeye. Bahasha usiizungushe maneno, wala usiombe radhi kwa hotuba. Mwambie hivi: "Ile siku nilikuletea pesa kwa sababu niliona kitu ulichonipa ni kikubwa na sikujua nikushukuru vipi. Nimeelewa. Njoo uone kazi inayofanya." Basi, halafu umtajie siku ya kuja.

Akija, muonyeshe. Usimwonyeshe randa, anaijua. Muonyeshe mlango uliouranda, ubavu wa kabati, mahali ambapo mbao mbili zimekutana mpaka mstari hauonekani. Muache apitishe kiganja kama wanavyofanya wateja wako. Katika barua yako umenieleza mimi kwamba randa ile ndiyo iliyokutoa. Je, yeye umewahi kumwambia? Sikuona mahali uliposema hivyo. Watu wengi waliopewa kitu kikubwa hunyamaza kwa aibu, na aliyetoa hukaa miaka bila kujua kama kilimsaidia mtu au kilitupwa kwenye kona. Kwa mtu aliyeuacha useremala, kuona kifaa chake bado kinafanya kazi nzuri mikononi mwa mwenzake ni malipo ambayo fedha zako zisingeyafikia.

Na hiki kitanda cha binti yake. Kimenifanya nifikirie mengi. Dereva anayeamua kutengeneza kitanda kwa mikono yake huenda ameukumbuka ubao, na huenda pia mfuko umekaza asiweze kununua. Mimi sijui ni lipi kati ya hayo, na wewe ukiwa karibu naye utajua bila kumuuliza moja kwa moja. Kama ni kuukumbuka ubao, mfungulie karakana yako. Mwambie siku asizo na safari aje, meza ipo, jiliwa ipo, vibanio vipo. Kama ni mfuko, basi tunarudi kwenye lile jambo nililosema nitalirudia. Aliyekupa akikwama ndipo zamu yako inapofika. Nenda mapema, nenda na kitu cha kusaidia, na randa usiitaje kabisa. Ukiitaja, msaada wako utageuka bahasha ile ile iliyokataliwa, naye atashindwa kuupokea hata kama anauhitaji sana.

Kuhusu kununua kitu cha thamani ileile, sishauri kwa sasa. Ukimpelekea mwezi huu zawadi ya bei ile, ataihesabu kabla hujaketi, na atajua umepata njia nyingine ya kulipa. Acha muda upite. Ukaribu wenu ukirudi utaona anachokosa: rafu ya nyumbani, mlango usiofunga, meza ya mtoto ya kusomea. Mtengenezee hicho kwa mkono wako, kwa sababu anakihitaji, na usiweke kichwani daftari la kukata kidogokidogo mpaka randa iishe. Nimeona urafiki mwingi ukichoka kwa daftari la namna hiyo, ambalo mmoja analijua na mwingine halijui.

Ningekushauri vingine kama mambo yangekuwa vingine. Angekuwa amewahi kudokeza kwamba anakudai, angekuwa anawasimulia watu kwamba bila yeye usingekuwa fundi, au angekuwa alikupa huku mmeelewana utamrudishia ukisimama, ningekwambia lipa haraka na upate amani yako. Wapo watoaji wa aina hiyo, na kitu chao hulemea kuliko mkopo. Rafiki yako hajafanya hata moja katika hayo. Wewe ndiye unayembebesha tabia asiyokuwa nayo kwa sababu ya bei uliyoisikia kwa mtu wa tatu.

Herufi za mpinini usizipige msasa. Mpini ni wako na una haki nao. Lakini akija kuazima tena, na natumaini atakuja, akakuta jina lake limefutwa, atakuuliza kwa nini, na jibu zuri huna. Ukitaka kuweka herufi zako, ubavu wa pili uko wazi.

Watu watakaosema ulipanda kwa mgongo wa mwenzako waache waseme. Kifaa kilitoka kwake, kazi umeifanya wewe, na nyote wawili mnalijua hilo. Nenda ukamweleze hivyo hivyo na mkeo, kwa upole, kwa sababu alikushauri kwa nia njema na asije akaona umedharau neno lake.

Umeuliza kuhusu kuiuza ukipata mashine ya umeme. Haki unayo, ni mali yako. Ila usiwe na haraka. Mashine ya umeme hukata kwa visu vinavyozunguka, na mara nyingi huacha juu ya ubao mawimbi madogo ambayo mchana huyaoni, lakini ukishapaka vanishi yanajitokeza yote. Randa ya mkono ndiyo inayoyaondoa. Na mlango unaobana kwenye fremu huwezi kuubebea mashine, utaumaliza kwa mipigo michache ya randa. Kwa hiyo itunze: ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo baada ya kazi, pandisha kisu ndani kabla ya kuiweka, ilaze ubavu ili makali yasiguse kitu.

Siku ukiamua kweli kuachana nayo, mtu wa kwanza kuambiwa ni yeye. Mwambie, "Sina kazi nayo tena, unaitaka?" Akiitaka, mpe bure kama alivyokupa, hata kama kuna mnunuzi amesimama mlangoni. Akisema haitaki, iuze, na fedha ni zako zote.

Shangazi